Presha, mwangwi, rada au boya: kuchagua kihisi cha kina kwa tangi la kiwanda

Vihisi vyote vya kina cha tangi vinaahidi kitu kimoja: namba inayokuambia kimiminika kimefika wapi. Lakini karibu vyote hupima kitu kingine kwanza. Kimoja hupima uzito wa kimiminika kinachokikalia, kingine hupima muda wa mwangwi, kingine hutafuta boya limesimama wapi. Kisha hupiga hesabu na kukupa kina. Hesabu hiyo imejengwa juu ya dhana fulani, na dhana ikivunjika kifaa hakinyamazi. Kinaendelea kutoa namba, nayo haina alama yoyote ya kukuonya kwamba si ya kweli.

Ndiyo maana sianzi na bei wala jina la mtengenezaji. Swali ninaloona lina uzito kuliko mengine ni hili: katika tangi lako, ni dhana ipi itakayosimama mwaka mzima, usiku na mchana, tangi likijazwa na likinyonywa? Ukishalijibu, orodha ndefu hujifupisha yenyewe.

Vigezo vya kutumia kabla ya kutazama kifaa chochote

Anza na kimiminika. Densiti yake (uzito kwa kila lita) hubadilika? Kinatoa povu au mvuke mzito? Kinanata, kinaganda, kinakula chuma? Maji safi yanavumilia karibu kila teknolojia. Molasi, asidi na petroli hazivumilii.

Halafu tangi lenyewe. Liko wazi kwa hewa au limefungwa na lina presha ndani? Juu kuna tundu la kufungia kifaa, na kuna nafasi kati ya tangi na paa la jengo? Ndani kuna ngazi, mabomba ya kupashia joto, mashine ya kukorogea? Umbo nalo lina neno lake. Katika silinda iliyolazwa, kimiminika kikifika robo ya kimo, ujazo ni asilimia 19.6 hivi, si 25. Kikifika sehemu moja ya kumi ya kimo, ujazo ni kama asilimia 5 tu. Kihisi bora kikiunganishwa na jedwali baya la ujazo hutoa lita mbaya, na lawama humwangukia asiyehusika.

Usahihi unaouhitaji ni kigezo cha tatu, na hapa watu hununua kupita kiasi au chini ya kiasi. Tangi la wima lenye kipenyo cha mita 10 lina eneo la mita za mraba 78.5. Milimita 1 ya kina humo ni lita 78.5, na sentimita 1 ni lita 785. Kama unapokea shehena na kulipa kwa kipimo hicho, sentimita moja ni hasara ya kweli. Kama unataka tu kujua pampu iwake lini, kosa la sentimita 3 halikuharibii kitu.

Cha nne ni upande wa kosa. Kifaa kikikosea, kitaonyesha tangi limejaa zaidi ya kweli au pungufu? Kuonyesha pungufu wakati wa kujaza ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu mwendeshaji ataendelea kufungulia.

Na cha mwisho, matunzo: je, fundi anaweza kukitoa, kukisafisha na kukirudisha bila kumwaga tangi zima?

Kuna mambo ambayo hayatenganishi vifaa hivi, kwa hiyo yasikupotezee muda mwingi. Karibu vyote hupatikana na mawasiliano ya miliampia 4 hadi 20, ambamo 4 ni tangi tupu na 20 ni tangi limejaa. Uzuri wa kuanzia 4 badala ya 0 ni kwamba waya ukikatika mkondo hushuka hadi 0, na chumba cha udhibiti hujua kuwa ni hitilafu, si tangi tupu. Vyote pia huwa na matoleo yaliyoidhinishwa kwa mazingira yenye mivuke inayolipuka, kama vile idhini za ATEX (ya Ulaya) na IECEx (ya kimataifa). Kwa petroli au vimumunyisho idhini hiyo ni sharti, si ziada.

Kihisi cha presha

*Kinachopimwa.* Uzito wa safu ya kimiminika iliyo juu ya kiwambo, yaani utando mwembamba unaosukumwa na presha. Kina cha mita 10 cha maji hutoa kilopaskali 98 hivi. Kihisi hufungwa kwenye ukuta karibu na sakafu, au huteremshwa kwa kebo hadi chini.

*Kinapofanya vizuri.* Povu halikisumbui, kwa sababu povu halina uzito wa kutajika. Ngazi na mabomba ya ndani hayakihusu. Kwa maji, maji taka, au kimiminika chochote chenye densiti inayotulia katika tangi lililo wazi, ni kifaa rahisi, imara na cha gharama ya chini. Kina sifa nyingine isiyotajwa vya kutosha: katika tangi la wima lenye kuta zilizonyooka, presha ikizidishwa kwa eneo la sakafu hukupa uzito, na kwa huo masi, moja kwa moja. Dizeli ikipata joto na kutanuka, kina hupanda ilhali kilo hazijaongezeka. Kihisi cha presha hakidanganyiki na kutanuka huko. Anayeweka hesabu kwa tani badala ya lita anapaswa kukitazama upya.

*Kinapokosea.* Densiti. Dizeli ina uzito wa takriban kilo 0.84 kwa lita, hivyo mita 10 za dizeli hutoa kilopaskali 82 tu. Kihisi kilichowekewa kalibresheni (mpangilio wa kupimia) ya maji kitasema mita 8.4. Hilo ni kosa la upande mbaya, linaloonyesha nafasi isiyokuwepo.

Ubaya wa densiti si nadharia. Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha BP huko Texas City, Marekani, mnara wa kutenganishia ulijazwa kupita kiasi, mafuta yakamwagika na kulipuka. Watu 15 walikufa na wapatao 180 wakajeruhiwa. Kipimo cha pale hakikuwa cha presha bali cha mzigo uliozama, ambao kimiminika huusukuma juu, lakini nacho hutegemea densiti, na kalibresheni yake haikulingana na kimiminika kilichokuwemo. Kadiri mnara ulivyozidi kujaa na kupata moto, skrini ilionyesha kina kikishuka taratibu. Nimerudi kwenye tukio hili mara nyingi, kwa sababu waliokuwa zamu walikuwa na kipimo mbele yao, tena kinachofanya kazi.

Tangi lililofungwa nalo lina shida yake: kihisi hujumlisha presha ya gesi iliyo juu na uzito wa kimiminika. Hapo unahitaji kipimo cha tofauti, chenye mguu mmoja chini na mwingine juu, na bomba la mguu wa juu likijaa mvuke uliopoa ukawa maji, tofauti huharibika.

*Kufunga na kutunza.* Cha kuteremshwa kwa kebo hutoka kirahisi. Cha ukutani kiwekewe vali mbele yake, la sivyo siku ya kukibadilisha utalazimika kumwaga tangi. Tope la sakafuni huziba kiwambo, kwa hiyo kiinuliwe kidogo. Na ndani ya kebo ya aina ya kuteremshwa kuna mrija mwembamba unaoleta hewa ya nje nyuma ya kiwambo. Ukizibwa na unyevu, mabadiliko ya presha ya hewa huingia kwenye kipimo: kilopaskali 1 ni sawa na sentimita 10 za maji. Dawa ya kukausha unyevu kwenye kisanduku cha maungio ibadilishwe kwa ratiba.

*Kinamfaa nani.* Mwenye kimiminika kimoja kisichobadilika, tangi lililo wazi, povu jingi, au hesabu ya masi.

Kihisi cha mwangwi wa sauti

*Kinachopimwa.* Muda wa mlio usiosikika kwa sikio kwenda kwenye uso wa kimiminika na kurudi. Dhana yake ni kwamba kasi ya sauti ndani ya tangi inajulikana.

*Kinapofanya vizuri.* Hakigusi kimiminika, kwa hiyo kemikali zinazokula chuma na uchafu havikifikii kwa urahisi. Densiti haikihusu hata kidogo. Kwa mabwawa ya maji taka, mifereji, matangi ya maji na ya kemikali zisizotoa mvuke, kinatosha kabisa, na fundi wa kawaida hukielewa haraka.

*Kinapokosea.* Kasi ya sauti hewani ni mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, na hubadilika kwa asilimia 0.17 hivi kwa kila nyuzi 1. Kifaa kina kipimajoto chake cha kusahihisha, lakini kipimajoto hicho kiko kichwani, juani, huku hewa ya ndani ikiwa na joto tofauti. Tofauti ya nyuzi 10 kwenye umbali wa mita 5 ni kosa la sentimita 8 au 9. Kichwa kikiwa na moto kuliko hewa ya ndani, kifaa hudhani sauti inakwenda kasi kuliko ilivyo, kikaona uso uko mbali, kikaonyesha kina pungufu. Kivuli kidogo juu ya kichwa husaidia kuliko wengi wanavyodhani.

Mvuke mzito wa petroli au vimumunyisho hubadilisha kasi ya sauti kwa namna ambayo kipimajoto hakiwezi kuisahihisha. Povu hunyonya mlio. Katika ombwe hakuna sauti kabisa. Na chini tu ya kichwa kuna eneo kipofu, mara nyingi la sentimita 20 hadi 50, ambamo kifaa hakioni kitu: kimiminika kikipanda humo wakati tangi linakaribia kufurika, ndipo kipimo kinapokosa kutegemewa.

*Kufunga na kutunza.* Kiwe mbali na ukuta na mbali na bomba la kuingizia. Futa matone kwenye uso wake. Zaidi ya hapo hakina mengi.

*Kinamfaa nani.* Mwenye tangi lisilo na presha, hewa tulivu, na asiyehitaji usahihi wa kibiashara. Pengo la bei kati yake na rada limepungua sana kadiri rada zilivyoshuka bei, kwa hiyo ukisita, omba bei za vyote viwili siku moja.

Rada

*Kinachopimwa.* Muda wa mwangwi pia, ila wa mawimbi ya redio. Hayajali joto wala mvuke kwa kiwango cha kutisha, na hupita hata kwenye ombwe. Dhana yake ni nyingine: kwamba mwangwi unaorudi umetoka kwenye uso wa kimiminika na si kwenye kitu kingine.

*Kinapofanya vizuri.* Matangi ya mafuta, kemikali, presha kubwa, joto kali. Tangi la plastiki linaweza kupimwa kwa kuweka rada juu ya paa lake bila kutoboa tundu, jambo linalopendeza sana kwa asidi.

Tofauti ya masafa ya mawimbi (frikwensi) ina maana kubwa wakati wa kununua. Rada ya gigahezi 26 yenye antena ya kipenyo cha milimita 80 hivi hutoa mwale wa nyuzi 10. Kwa umbali wa mita 10 mwale huo umeshapanuka hadi mita 1.75 na unaweza kugonga ngazi. Ya gigahezi 80 yenye antena ya ukubwa huohuo hutoa nyuzi 3 hivi, ambazo kwa umbali ule ni kama sentimita 50. Katika tangi jembamba au lenye vyuma vingi ndani, ya pili ni rahisi kuishi nayo. Lakini povu zito huimeza zaidi ya masafa ya chini, hivyo kubwa si bora kila mahali.

*Kinapokosea.* Maji hurudisha mwangwi wenye nguvu. Mafuta ya petroli, ambayo dielektriki yake (kipimo cha jinsi kitu kinavyoitikia umeme wa mawimbi) ni 2 hivi, hurudisha karibu asilimia 3 tu ya nguvu iliyoyafikia. Uso ukichafuka kwa kukorogwa, hata hiyo hutawanyika, na ndipo kifaa kinapoweza kushika mwangwi wa bomba la ndani na kung'ang'ania hapo. Dalili yake ni kina kinachosimama mahali pamoja huku pampu inafanya kazi.

*Kufunga na kutunza.* Kazi kubwa iko siku ya kwanza: kuchora ramani ya miangwi ya uongo tangi likiwa tupu, ili kifaa kiipuuze. Wanaoruka hatua hii hulaumu rada baadaye. Baada ya hapo matunzo ni machache.

Iko pia rada ya kuongozwa, ambayo mawimbi yake hushuka kwenye fimbo au kebo iliyozama. Nguvu haitawanyiki, kwa hiyo inamudu mafuta yenye dielektriki ndogo, tangi dogo na uso uliochafuka, na hupenya baadhi ya mapovu. Mafuta yakielea juu ya maji, sehemu ya wimbi hurudi kutoka kwenye mafuta na iliyobaki huendelea hadi kwenye maji, ukapata mipaka miwili kwa fimbo moja. Gharama yake ni kugusa: kimiminika kinachonata hujenga ganda kwenye fimbo, na mashine ya kukorogea huweza kuikata kebo.

*Kinamfaa nani.* Mwenye mvuke, presha, joto linalobadilika au vimiminika vinavyobadilishwa mara kwa mara katika tangi moja, na aliye na mtu wa kuifunga kwa uangalifu.

Boya lenye kihisi cha sumaku

*Kinachopimwa.* Mahali lilipo boya. Katika aina ya magnetostriktivu, ndani ya fimbo kuna waya maalumu. Mdundo wa umeme hutumwa, na pale ulipo usumaku wa boya huzuka msokoto mdogo unaosafiri kwenye waya kurudi juu. Muda wake hutoa kina kwa usahihi unaoweza kuwa chini ya milimita 1. Aina ya bei nafuu hutumia mnyororo wa swichi ndogo za sumaku na huhesabu kwa hatua za milimita kadhaa.

*Kinapofanya vizuri.* Mafuta safi. Vituo vya mafuta hukitumia sana katika matangi ya chini ya ardhi, kwa sababu boya la pili, zito kidogo, huelea kwenye maji yaliyotuama chini ya petroli na kuyafichua. Mvuke na povu havina neno.

*Kinapokosea.* Boya hukwama. Likikwama, kipimo hubaki kizuri kwa macho na kimekufa kwa kazi. Vitu vinavyonata, vinavyoganda au vyenye nyuzinyuzi ni adui zake. Densiti ikishuka boya huzama kidogo zaidi, kosa dogo, lakini kosa hilohilo katika tangi pana ni lita nyingi.

*Kufunga na kutunza.* Fimbo ndefu inahitaji nafasi juu ya tangi ili iingie na kutoka. Pima nafasi hiyo kabla ya kuagiza, maana paa la jengo halisogei. Boya litolewe na kusafishwa kwa ratiba.

*Kinamfaa nani.* Anayehesabu lita kwa usahihi, mwenye kimiminika safi na chepesi.

Kihisi cha kapasitansi, kinachopima uwezo wa fimbo na tangi kuhifadhi chaji ya umeme, kipo bado, nacho kinafaa kwa vimiminika visivyobadilika na nafasi ndogo. Hutegemea dielektriki, kwa hiyo mchanganyiko ukibadilika au fimbo ikipata ganda, kalibresheni imekwenda. Kwa tangi jipya huwa sikiweki mbele ya rada ya kuongozwa isipokuwa kuna sababu mahususi.

Chochote utakachochagua: swichi ya kilele iwe peke yake

Hapa sina pande mbili. Kihisi kinachoonyesha kina kisiwe hichohicho kinachozuia kufurika; kazi hiyo iwe ya swichi ya kilele, inayogeuka kimiminika kikifika juu kabisa. Tarehe 11 Desemba 2005, katika ghala la mafuta la Buncefield, Uingereza, kipimo cha tangi moja kilisimama mahali pamoja huku petroli ikiendelea kuingia. Swichi huru ya kilele ilikuwepo, lakini haikuwa katika hali ya kufanya kazi. Petroli ilifurika, wingu la mvuke likatanda na kulipuka. Watu zaidi ya 40 walijeruhiwa.

Swichi hiyo iwe ya teknolojia tofauti na kipimo kikuu, iwe na waya wake, na ijaribiwe kwa tarehe zilizoandikwa. Uma unaotetemeka ni chaguo la kawaida: ukiguswa na kimiminika, mtetemo hubadilika na swichi hugeuka, na densiti au dielektriki haviisumbui sana.

Kwa hali yako

Ukiwa na tangi la maji au maji taka lililo wazi, chagua kati ya presha na mwangwi wa sauti. Povu likiwepo, presha. Tope likiwa jingi chini na hewa ya juu ni tulivu, mwangwi.

Ukiwa na dizeli au petroli ya kuuzwa kwa lita, boya la magnetostriktivu au rada ya daraja la usahihi wa kibiashara. Kwa tangi la chini ya ardhi lenye shaka ya maji, boya lina nguvu zaidi. Kwa tangi kubwa la wima, rada.

Ukiwa na asidi au kemikali kali, rada kupitia paa la plastiki ikiwezekana. Mwangwi wa sauti kama kemikali haitoi mvuke.

Ukiwa na tangi la presha au lenye joto kali, rada, ya kuongozwa kama ni dogo na halikorogwi. Kipimo cha tofauti ya presha bado kinafaa pale ambapo mafundi wako wanakifahamu vizuri na densiti haibadiliki.

Ukiwa na kimiminika kinachonata au kuganda, ondoa boya na rada ya kuongozwa kwenye orodha. Bakia na rada isiyogusa, au kihisi cha presha chenye kiwambo kilicho sawasawa na ukuta. Kama vyote vinasumbua, fikiria kulipima tangi zima uzito kwa seli za mzigo chini ya miguu yake.

Na tangi likiwa linabadilishiwa bidhaa kila baada ya muda, kihisi cha presha kitakulazimu kubadilisha densiti kila mara, na siku moja mtu wa zamu atasahau. Rada haikudai hilo kwa bidhaa nyingi. Ukibaki na presha hata hivyo, fanya kuingiza densiti kuwa hatua ya lazima kabla ya vali kufunguliwa, na mwanzoni mwa kila bidhaa linganisha namba ya skrini na fimbo ya kupimia iliyoteremshwa kwa mkono.